Midomo ya Wafumaji

Jumatatu, 3 Juni 1996
Meneja wetu, bwana Gathogo, ameniita ofisini na kufunga mlango. Anasema wafumaji wa blanketi wanapanga mgomo baridi. Anataka jina la anayewaongoza kufikia Jumamosi. Nikilipata, mimi Tobias ni naibu meneja. Nikilikosa, usimamizi wangu wa wafumaji umeisha, narudi stoo kubeba marobota. Nimebeba marobota miaka sita! Mgongo wangu unalia hata nikipiga chafya. Sirudi.

Jirani yangu hapa Witeithie, Farouk, hupiga video za harusi. Nimeazima rekoda yake ndogo. Sikumwambia ya nini.

Jumanne, 4 Juni
Ili nisije kulaumiwa, nilipitia kwa karani wa wakili mjini Thika. Je, sheria inakataza kuwarekodi wafanyakazi kwa siri? Akasema yeye hajaona kifungu kinachotaja rekoda. Akaongeza kwamba mazungumzo ya mtu ni yake hata akiwa kazini, na ni haki aambiwe kwanza. Ile sehemu ya kwanza niliisikia vizuri sana.

Rekoda iko ndani ya kapu la nyuzi, kando ya mashine ya Selpha, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mama mpole kupita kiasi. Simwamini.

Jumatano, 5 Juni
Nimesikiliza upande mmoja wa kaseti. Mashine tu! Hakuna neno la binadamu. Na jana niliwaona kwa macho yangu wakiongea, tena wakicheka.

Nikairudisha kapuni. Saa tano stima ikapotea, mashine zote zikanyamaza. Nikafurahi, sasa nitasikia. Sikusikia kitu. Wanawake thelathini, midomo inakwenda, sauti hakuna. Mmoja alicheka hivyo hivyo, mabega tu yakitikisika. Nikasema hamjambo. Midomo yote ikafungwa.

Selpha akanieleza kwamba kwa sababu ya kelele wamezoea kusomana midomo, hata stima ikipotea. Ningejuaje, mtu wa stoo? Kisha akatia mkono kapuni, akanipa rekoda.

"Mashine ni ya kampuni, bwana Tobias. Mdomo ni wangu," akasema. "Ungetaka kujua kitu, si ungeniuliza tu?"

Kuuliza! Mpelelezi gani huuliza?

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Gathogo alitaka kusikia kaseti. Nikamwekea upande wa pili, ambao sikuwa nimeusikiliza. Mashine, mashine, halafu sauti ya mwanamume, karibu kabisa, ikisema kwamba kichwa cha Gathogo ni nyumba kubwa isiyo na mpangaji. Nilikuwa nikijisemea huku nimeinama kapuni. Gathogo hakufoka. Alinikumbusha tu kwamba Jumamosi ni keshokutwa.

Wakati wa chakula, watu wote wakiwa nje, nimetoboa tundu kwenye ukuta wa mbao wa stoo, nyuma ya marobota. Linatazama wafumaji moja kwa moja. Hakuna anayelijua. Midomo hairekodiwi kwa rekoda, bali kwa kamera! Nilipoazima kamera yake, Farouk aliuliza kama kina mama nitakaowapiga wamekubali. Nikamwambia ni sherehe.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nilitegesha kamera tunduni nikaondoka. Jioni tukatazama kwa Farouk.

Mwanzoni ni kazi ya kawaida. Kisha mmoja anageuka. Kisha wote. Wamesimama kando ya mashine zao, wanatazama tundu, hawapepesi macho. Midomo thelathini inasema neno moja, kwa pamoja, pole pole, tena na tena. Farouk alizima televisheni. Akanipa kaseti kwa vidole viwili, akasema nisiazime tena kitu chochote kwake. Niliogopa sana. Nilitembea hadi nyumbani bila kugeuka nyuma.

Hapa chumbani nimesimama mbele ya kioo kutafuta neno lenyewe. Kwanza mdomo mviringo. Kisha midomo inafungana. Mwisho, meno. Nimejaribu Selpha, halikai. Nimejaribu Nekoye, mfumaji wa mashine ya pili, halikai. Nikajaribu Tobias.

Likakaa sawasawa. Halafu nikaelewa, nikacheka peke yangu. Wananikubali! Gathogo alitaka jina la anayewaongoza, na wafumaji wote thelathini wamelitaja, hata mmoja hakupinga. Kesho saa mbili kamili namwekea kaseti mezani.