Wembe wa Bayyumi na Vidonge vya Daktari

Chanzo ni gazeti. Rashwan Miwani, msomaji wa kijiwe cha kahawa mtaani Imbaba, aliwasomea wenzake habari kwamba anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande asile antibayotiki kienyeji, asije akavuja damu isikome.

Mitwalli, mmoja wa wanakijiwe, akasogeza kiti karibu. Moyoni ana valvu ya chuma, na dawa hiyo huimeza kila siku. Tangu asubuhi amebana kitambaa kidevuni, pale wembe wa Usta Bayyumi, fundi kinyozi, ulipomgusa, na unga wa kahawa waliompaka haukufua dafu. Kijiwe kizima kilikuwa kimeshamhukumu kinyozi kwamba mkono umezeeka.

Antibayotiki nazo alikuwa siku ya sita akizimeza, kwa ajili ya jino. Alipewa na Sanad, aitwaye Daktari kwa kuwa aliwahi kubeba maboksi ya duka la dawa.

"Uzushi huo," Daktari akasema. "Antibayotiki inaua vijidudu, damu inaihusu nini? Mimi mwenyewe nameza hizo hizo kwa koo, na aspirini yangu juu. Nimekufa?"

"Hebu endelea, Miwani," Bayyumi akasema kwa upole wa mshtakiwa aliyepata shahidi.

Miwani akaendelea: vijidudu vingine tumboni hututengenezea vitamini ya kugandisha damu, na hivyo navyo hufa; kuna antibayotiki zinazoizidishia nguvu dawa ya damu, na nyingine hulegeza vichembe vinavyoziba jeraha, kama ifanyavyo aspirini.

"Kwa hiyo wembe wangu hauna kosa."

"Bayyumi, mwenzio navuja, wewe unadai heshima?" Mitwalli akasema. Aliogopa kikweli, kitambaa kilikuwa cha tatu.

Wakamkimbiza hospitali kwa tuktuk. Daktari wa kweli alimpima, akamlaza siku tatu, akamwambia aushukuru ule mkwaruzo: bila huo pengine angevujia ndani kwa ndani asijue.

Neno hilo lilimtosha Bayyumi. Babu yake alikuwa kinyozi wa afya, wa enzi za kutahiri na kuumika. Mjukuu naye akabandika kibao: Tunanyoa na Kupima Damu.

Mitwalli aliporudi kijiweni alimkuta Sanad ameanza kufuga ndevu.

"Daktari, umemrudia Mungu?"

"Ni sunna, ndugu yangu. Umri umeenda."

Bayyumi alikuwa akinoa wembe wake kwenye mkanda, hata hakuinua macho. "Mashallah," akasema. "Na hiyo dozi ya koo unamaliza lini?"