Mkamwana Yuko Mlangoni

Ndugu Mkuu wa Chuo chetu cha Wauguzi, Ndugu Matroni, waheshimiwa madiwani wa Kisondela, Mpuguso na Suma, wachungaji wa madhehebu yote, wakufunzi, wanafunzi, wapishi, na mimi mwenyewe, Mzee Lutufyo, Mwenyekiti wa Kamati ya Afya Shirikishi: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wapishi.)

Katika zama hizi za soko huria, ambapo hata aspirini imeruhusiwa kujipangia bei, nimebuni, nimeasisi na nimeratibu, kwa kichwa hiki hiki mnachokiona, Mradi wa Mgonjwa Mwalimu, ambao ni mchakato endelevu wa kimenejimenti wa kumtoa mgonjwa kitandani na kumweka ubaoni, ili aliyeumwa amfundishe anayetibu, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. (Makofi.) Walimu wagonjwa mia mbili wameshawezeshwa, na uelewa umepanda kwa asilimia tisini na nane! (Miguno.) Tisini na saba.

Mwalimu wa leo ni mkamwana wangu, Atupokile. Uchungu ulipomshika mwaka jana, tulimpeleka hospitali kwa lori la majani ya chai, mimi mbele na dereva, yeye nyuma na mama mkwe wake, na kule wodini nikasimama nyuma ya pazia kuhakikisha huduma inatolewa kwa viwango. Muuguzi akamuuliza anaumwa wapi. Kimya. Akamuuliza tena. Kimya. Akasema huyu bado, arudi nyumbani. Ndugu zangu, nusura tumpoteze yeye na mjukuu wangu. Nililia. Mwenyekiti mzima, nililia.

Kwa nini alinyamaza? Hilo ndilo somo, nami nitalisimamia kutoka kiti hiki cha mbele.

(Matroni anasimama: “Mzee, mwalimu yuko mlangoni tangu asubuhi. Mkamwana wa Kinyakyusa, ambaye kwa mila haonani wala hasikiki na baba mkwe wake, ataingiaje wakati baba mkwe amekaa mbele? Anasema hata siku ile alinyamaza kwa sababu ulikuwepo.”)

Lakini nilikuwa nyuma ya pazia!

(Matroni: “Wodini sote tulikuwa tunakusikia unakohoa, Mzee.” Kicheko. Kisha kicheko kinakatika, kwa kuwa Mzee amevua kofia.)

Naam. Basi nihitimishe. Mgonjwa Mwalimu, oyee! (Oyee!) Ushirikishwaji, oyee! (Oyee!) Baba mkwe wodini? (Ziii!) Mmejibu haraka mno.

Ndaga fijo, asanteni sana. Nawashukuru kipekee walimu wagonjwa mia mbili, ambao kusema kweli hawapo, na mradi wenyewe pia haupo; alikuwepo yeye mmoja tu, nami nimemzibia njia mara mbili. Na kwa kuwa mlangoni siwezi kupita yeye akiwa amesimama pale, naomba dirisha lile lifunguliwe. Ndugu Mkuu wa Chuo, nishike mkono. Mkisikia nimedondoka kwenye migomba, msije kuniinua. Mwambieni mwanangu aingie.