Uyoga wa Watu Sita

Hombolo, Jumamosi ya kwanza ya Februari, jioni. Nasugua sufuria. Leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeipika kwa mikono yangu.

Asubuhi, mvua ilipokatika, kichuguu cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimeota uyoga mweupe, mpana kama visahani. Kwetu Njombe nimechuma uyoga tangu utotoni. Ningeweza kumuuliza jirani yangu, Mama Yohana, kama na huu wa huku unaliwa. Lakini mwalimu wa chuo haulizi jambo dogo kama hilo. (Mwalimu mwenyewe anafundisha utunzaji wa mafaili.) Nikajaza ungo.

Nusu niliuchemsha nikauanika juani, juu ya bati. Nusu nikaupika kwa karanga katika sufuria kubwa, kwa mazoea. Zamani walimu wenzangu watano walikuja kula kila Jumamosi. Wamepunguzwa kazini, nyumba zao zimefungwa. Nikala peke yangu, nikamaliza.

Saa tisa tumbo likakaza kama ngoma. Ndipo nilipokumbuka kwamba huku si Njombe. Nikamwandikia mdogo wangu Salome barua ya kumuaga. Nikaoga, nikavaa kitenge kipya (sikutaka wanikute na gauni la mtumba), nikaenda kwa Mama Yohana. Alikuwa akipepeta uwele na mama mkwe wake. Nikamwamkia bibi shikamoo, maana hata anayekufa ana adabu, kisha nikamkabidhi Mama Yohana ufunguo.

"Unasafiri, mwalimu?"

"Nakufa. Nimekula uyoga wa kichuguuni."

Akaweka ungo chini, akaenda mbio hadi kwenye bati langu. Akavunja kipande, akakinusa, akarudi akitembea polepole.

"Huu ndio tuliokulia. Umekula kiasi gani?"

"Sufuria."

"Ile kubwa? Na nani?"

"Peke yangu."

Bibi akanitazama tumboni. "Huyu hana sumu," akasema. "Ameshiba."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilishindwa; kila nilipojaribu kucheka, tumbo liliuma.

Mama Yohana alipofuta machozi, akanirudishia ufunguo. "Siku nyingine piga hodi, mwalimu. Huku uyoga hauliwi na mtu mmoja. Ungezidiwa kweli, nani angesema ulikula nini?"

Nikarudi na ufunguo wangu, nikaanza kusugua sufuria.

Wiki tatu baadaye. Leo nimetuma barua hii:

"Mdogo wangu Salome,

Pokea uyoga mkavu. Uloweke kwanza, kisha uupike kwa karanga, ila usiweke sufuria jikoni kabla hujapata wa kula naye. Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine ya kukuaga; nimeichoma, ilikuwa imejaa maagizo kuhusu vyombo vyangu. Siku hizi Mama Yohana na mama mkwe wake huja Jumamosi. Viti vitatu bado ni vitupu. Habari yote nitakusimulia kwa mdomo. Ukitaka kunicheka, njoo unichekee hapa.

Dada yako."