Bendera Ndani ya Kopo la Biskuti

Jumapili, 10 Agosti

Baridi kali. Hapa Malang mwezi huu masikio yanauma. Nimeamka na wazo kubwa. Nilipomweleza mke wangu Lastri, akajifunika blanketi mpaka kichwani. Sishangai. Watu wenye vipaji huwa hawaeleweki nyumbani kwao.

Wazo lenyewe: kompyuta ya karaoke ndani ya kopo la biskuti! Jumamosi ni mkesha wa Uhuru wa Indonesia, mtaa mzima utakaa barabarani kula na kuimba. Kila mwaka muziki unapigwa na jirani yetu Pak Gunadi, kwa ile kompyuta yake ya ukubwa wa kabati, waya zimejaa humo ovyo, aibu tupu. Mwaka huu ni zamu yangu. Kompyuta ya kubebwa kwapani! Na waya za umeme za ndani nitazitengeneza mwenyewe, moja moja, kila moja nitaivisha soksi yake ya nyuzi. Safu ya juu nyekundu, safu ya chini nyeupe. Bendera yetu! Kopo nitalikata kidirisha cha kioo ili watu waione.

Na si mchezo tu. Mama mkwe wangu, Ibu Sutarmi, ataimba. Zamani mama huyu akipika anaimba, akifua anaimba. Tangu Bapak, baba mkwe wangu, afariki mwaka jana, kimya. Bu Marsini, mwenyekiti wa mtaa, amembembeleza mpaka akakubali wimbo mmoja, ule alioupenda Bapak. Mmoja tu, basi. Nataka apigiwe na mashine ya mkwewe. Labda ataacha kuniita "yule".

Lastri akatoa kichwa nje ya blanketi. Akasema mama yake akiaibika mbele za watu, waya zangu zote zitalala uani, na mimi nitalala nazo. Nimemwambia atulie.

Jumatatu, 11 Agosti

Kopo limepatikana. Kila nyumba hapa ina lile kopo jekundu la mraba, na hakuna nyumba ambayo ndani yake utakuta biskuti. La Ibu lina rengginang, vile vikaki vyake vya wali mkavu wa kukaanga. Mbele lina picha ya shangazi mmoja mwenye kofia anamimina chai. Nimehamishia vikaki kwenye ndoo ya plastiki, nikafunika vizuri. Ibu akauliza kopo lake liko wapi. Nikamwambia nimelipeleka kung'arishwa. Nikamsikia akimwambia Lastri kwamba yule ameshaanza.

Mchana nikawa napima kwa uzi. Kazi ya kompyuta ndogo yote iko hapo: waya ikizidi, haingii, ikipungua, haifiki. Unapitisha uzi kutoka kwenye boksi la kugawa umeme, lile mafundi tunaloliita pawasaplai, mpaka kwenye bodi kuu ya kompyuta, kisha unakata waya kwa kipimo cha uzi. Nani akatokea mlangoni? Gunadi na masharubu yake. Eti alikuja kuazima ngazi. Akasimama, akatazama, akaniambia kwa upole wote: Mas Wakidi, acha kidole kimoja cha ziada, ukishaingiza pini waya inajikunja.

Kidole cha ziada! Nimemfahamu mara moja. Anataka waya zangu zifanye tumbo, bendera ionekane imekunjamana. Nikamshukuru sana, nikampa ngazi, na alipogeuka tu nikakata sawasawa na uzi. Nyingine nikazipunguza kidogo, kwa heshima ya taifa.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbili mfululizo kwenye meza ya jikoni. Lastri na Ibu wanakulia magotini, lakini hawalalamiki. Ibu hasemi nami, kwa hiyo siwezi kujua.

Waya unaichuna ncha, unaibana kwa koleo mpaka pini ishike, unavisha soksi, unapasha kwa kiberiti ule mpira wa mwishoni unaosinyaa kwa moto, halafu unasukuma pini kwenye tundu lake la plagi mpaka ilie "tik". Vidole vimevimba. Lakini uzuri wake! Nyekundu juu, nyeupe chini, zimelala kama nywele zilizochanwa. Nikamwita Lastri aje aone. Akasema ni nzuri kweli, nioge sasa.

Sikuoga. Nikachomeka kile kipimo changu chenye taa, cha kuhakikisha umeme unatoka panapotakiwa. Taa ikawaka kijani. Ikawaka njano. Ikawaka rangi ambayo haimo kwenye maelezo. Halafu moshi.

Lastri akafungua madirisha yote, na baridi yote hii. Nikarudi kwenye mchoro wa matundu ya plagi. Kumbe pembeni pameandikwa kwamba mchoro unaonyesha plagi ikiwa imegeuzwa, kikomeo chake cha kubania kiko chini. Mimi nimejaza kikomeo kikiwa juu. Safu ya juu yote imekwenda chini, ya chini yote juu. Maandishi yenyewe yalikuwa chini ya glasi yangu ya kahawa. Ni mtu gani anaandika jambo muhimu mahali watu wanapoweka glasi?

Kipimo kimekufa kishujaa. Kompyuta ni nzima. Nimelala nikiwa na furaha.

Alhamisi, 14 Agosti

Ushindi! Asubuhi nimechomoa pini zote upande wa bodi, nikazipeleka kwenye matundu yake ya haki. Nikawasha. Ikanguruma! Nikaweka wimbo wa Bapak, spika ikaimba, nikamshika Lastri kiuno tukacheza mpaka karibu na jiko. Anacheza vizuri mke wangu, nilikuwa nimesahau.

Halafu akainama kwenye kidirisha. Akauliza kwa sauti ya taratibu tangu lini mtaa wetu unasherehekea uhuru wa Polandi.

Nyeupe juu. Nyekundu chini.

Mungu wangu! Nilipohamisha pini, rangi nazo zimehama. Nikataka kuanza upya pande zote mbili, pini ya kwanza tu ikakatika mkononi, hazivumilii kuchomolewa tena na tena. Nikaibana pini nyingine kwa jasho, nikaacha. Nikapanda pikipiki mpaka duka la mafundi kununua soksi nyekundu mpya. Zimekwisha. Agosti nchi nzima inataka nyekundu. Muuzaji akasema bunda la mwisho limechukuliwa jana na bwana mmoja mstaarabu mwenye masharubu.

Bendera kichwa chini, mwezi wa Agosti, mbele ya Bu Marsini! Mama ambaye anapita nyumba kwa nyumba kuangalia milingoti kama imenyooka! Nikarudi nyumbani polepole. Njiani nikaona mtaa umepambwa kwa vibendera, vimefungwa kwa nyuzi nyekundu nzuri sana, imara sana, na Gunadi yuko juu ya ngazi yangu anafunga kingine. Akanipungia mkono.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepata dawa, na ni rahisi mpaka naona haya kuiandika. Geuza kopo!

Kopo likisimama kichwa chini, bendera inakuwa sawa. Nyekundu juu. Kompyuta yenyewe haijali, imenguruma vilevile. Shangazi wa kwenye picha ndiye aliyesimama kwa kofia yake, chai anaimimina kuelekea mbinguni, lakini nani atamtazama shangazi?

Na kuna zuri la pili. Plagi kubwa ilikuwa haiingii mpaka mwisho, kikomeo hakifiki. Imepungua kama kidole. Imetokea tu, vidole vipo vya kila aina. Lakini kopo likigeuzwa, pawasaplai, ambayo nimeishika kwa karatasi ya gundi, inaegemea kwenye bodi, na plagi inakaa vizuri kabisa. Jambo moja limetibu magonjwa mawili. Wengine wangeita bahati.

Jioni nikasikia kitu jikoni. Ibu anakaanga tempe na anauimba ule wimbo puani, chinichini, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Nikachungulia. Akaniona, akanyamaza, akageuza tempe. Nikatoka nje nikakaa karibu na banda la kuku ili aendelee. Nilikaa mpaka masikio yakafa ganzi. Aliendelea. Sauti bado ipo, ila imeingiwa na woga. Nilitamani kesho ifike na nilitamani isifike.

Jumapili, 17 Agosti

Jana sikuandika. Naandika leo, watoto wako nje wanashindana kula vikaki vilivyoning'inizwa kwa uzi, na mimi kichwa kinauma kwa raha.

Bu Marsini alikuja mapema kukagua mashine mbili. Ya Gunadi ilihitaji meza nzima. Yangu ilihitaji kona ya meza, na meza ilitakiwa kwa mlima wa wali wa manjano. Akachagua yangu! Gunadi akasema hongera Mas Wakidi, akanipa mkono. Nimeutafuta uso wake wote nione chuki iko wapi. Ameificha kwa ufundi mkubwa.

Dua. Hotuba. Hotuba nyingine. Halafu Bu Marsini akamwita Ibu. Akasimama na ile kebaya yake ya kahawia aliyovaa mara ya mwisho Bapak akiwa hai. Nikabonyeza. Muziki ukatoka, msafi! Bendera inang'aa kidirishani! Ibu akaanza. Sauti nyembamba, inaukimbilia wimbo kama mtu aliyeachwa na treni, anakosa pumzi. Lastri amenishika mkono, anaufinya.

Kisha macho ya Ibu yakaangukia kopo lake.

Huyu ni mama asiyeweza kupita sahani iliyokaa upande. Huku anaimba, akaja mpaka mezani, akalishika kopo kwa mikono miwili, akaligeuza. Shangazi akasimama kwa miguu yake. Ndani pawasaplai ikateleza, nikasikia plagi ikichomoka. Muziki ukakatika kama umekatwa kwa panga. Na kidirishani, kabla taa ya ndani haijafifia, mtaa wote ukaona: nyeupe juu, nyekundu chini.

Bu Marsini akaweka mkono kifuani. Gunadi akasimama. Nikatafuta pa kujificha, chini ya meza pamejaa sahani. Nikajiona tayari niko uani na blanketi.

Ibu akalitazama kopo. Akanitazama mimi. Kipaza sauti bado anacho mkononi. Hapo nikasikia du, du-du, du. Gunadi! Amechukua ile ndoo ya vikaki, Lastri alikuwa ameileta kwa ajili ya wageni, anapiga kifuniko kwa vidole. Polepole. Polepole kuliko mashine yangu. Ibu akafumba macho akaanza wimbo upya, kwa mwendo ule, na sauti ikatoka yote. Ile ya zamani, ya jikoni. Wazee wakaingia kwenye kiitikio, kisha kina mama, kisha kila mtu. Lastri analia. Mimi nalia. Ulipokwisha wakadai tena, akaimba tena, na baadaye akaimba nyimbo nyingine ambazo hakuna aliyemwomba. Aliyekubali wimbo mmoja tu!

Mwishoni Bu Marsini akanivuta kando kuuliza habari ya bendera. Kabla sijafungua mdomo Gunadi akamweleza kwamba kioo hugeuza vitu, hasa vyenye taa ndani. Bu Marsini akakubali. Huyu Gunadi anataka nini kwangu?

Tukiwa tunaosha sahani Ibu akasema mashine ile ilikuwa inamkimbiza. Bapak aliuimba taratibu, na Gunadi alikuwa akimpigia ngoma ujanani, anaukumbuka mwendo. Halafu akamwambia Lastri amwambie yule wa kopo amrudishie kopo lake kesho.

Yule wa kopo! Wiki iliyopita nilikuwa "yule" mtupu!

Jumanne, 19 Agosti

Kopo limerudi kabatini. Ibu ameziba kidirisha kwa karatasi ya gundi, amejaza rengginang mpya. Asubuhi amezikaanga anaimba, akafua anaimba, na sasa anafagia uani na bado anaimba. Lastri anasema sitalala nje. Jua limetoka. Kahawa nzuri.

Mtaani wote wanamsifu Ibu na Gunadi. Sina kinyongo. Lakini nikae nifikiri kidogo. Plagi ile isingechomoka, Ibu angekimbizwa na mashine mpaka mwisho wa wimbo, angekaa chini, asingeimba tena. Ni nini kilichofanya ichomoke sekunde ile ile? Kupungua kidole kimoja! Ningemsikiliza Gunadi, tungekuwa na nyumba ya kimya hadi leo. Kwa hiyo huo ndio mtindo wangu sasa, waya zangu zote zitakuwa fupi.

Gunadi mwenyewe amekuja kurudisha ngazi. Ameniletea soksi nyekundu zilizobaki kwenye bunda, bure. Anasema tushirikiane, tufanye moja kubwa kwa ajili ya mwaka mpya. Akarudia tena habari ya kidole. Nimezipokea soksi.

Tayari nimepata mwili wa mashine mpya. Shaba, tumbo pana, mdomo mwembamba, inapendeza. Nimepima kwa uzi, nimekata sawasawa. Mchoro nimeutandaza mezani, kuna maandishi pale pembeni nitayasoma nikimaliza kahawa, glasi imekaa juu yake.

Ibu ameacha kuimba. Anauliza chungu chake cha shaba cha kupikia wali wa mvuke kiko wapi. Nimemwambia nimekipeleka kung'arishwa.