Ziwa la Bi Kijakazi

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Posa yangu imepelekwa kwa kina Asya. Jibu Ijumaa, baada ya sala. Mama yake, Bi Kijakazi, ameuliza nina kazi gani. Wazee wangu wakasema mpiga picha. Akasema kubonyeza si kazi, hata mjukuu wake anabonyeza. Imeniuma. Ila dawa ninayo: hoteli moja inatafuta picha ya kalenda, mlima na kivuli chake ziwani, alfajiri. Nikitundikwa ukutani kwa watu mwaka mzima, tuone!

Shida moja ndogo. Pemba hatuna mlima. Ziwa la maana pia hatuna.

Jumapili, 13 Aprili

Kilima kimepatikana, kile kinachotazamana na bonde la mpunga huku Gombani. Ukilala kifudifudi kinakuwa mlima kabisa. Lakini maji ya bondeni ni ya kifundoni, na yote yanakimbilia mferejini.

Haitham, mpiga picha za harusi wa Tibirinzi, kanikuta nimelala topeni. Kauliza kama naumwa. Nikamwambia natafuta pete. Na yeye anaitaka ile kalenda, namjua. Ana droni, basi hatusalimiani vizuri siku hizi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepata! Ukiziba mfereji, bonde linajaa. Jioni nimeshindilia vigogo vya migomba na magunia ya udongo. Mvua ya masika itamalizia. Sikumwuliza mtu. Bonde lina wenyewe kumi na zaidi, kila mwanamke na kipande chake, nianze na nani? Na ukiuliza unakataliwa.

Jumatano, 16 Aprili

Subhanallah! Nimetoka sala ya alfajiri nikashuka moja kwa moja. Upepo hakuna. Kilima juu, kilima chini, hujui kipi cha kweli. Nimepiga mia mbili na kumi. Mbele kulikuwa na vijani vinachungulia majini, vimependeza mno. Kisha nikavuta vigogo vyote kwa mpigo, maji yakatoka kwa kishindo, nikaenda zangu kunywa chai. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi, 17 Aprili

Ya nini kungoja Ijumaa? Nimeisafisha picha kubwa, nikaitia fremu ya kioo, nikampelekea Bi Kijakazi kwa mkono wangu. Kavaa miwani. Kaisogeza hadi puani, kaikagua pembe kwa pembe. Nikadhani imemgusa.

Kaniuliza vile vijani ni nini. Nikasema maua ya ziwani. Akasema ni mpunga wake, kaupandikiza Jumapili kwa mgongo wake mwenyewe, na jana maji yameuzoa wote. Tangu jana wanawake wa bonde zima wanamtafuta aliyeziba mfereji. Nami nimejileta, ndani ya fremu! Nikatamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 18 Aprili

Jibu: si ndiyo, si hapana. Nipandikize upya kipande chote, peke yangu. Mpunga ukishika, watazungumza.

Asya kaniandikia. Kasema mpunga utaota mwingine. Kilichomkera ni kwamba sikuuliza. Ningeuliza, mama yake angeniambia ningoje mpunga ushike kwanza, na yeye mwenyewe angenishikia fremu. Nimeona haya, haya ya kweli. Nampenda huyu mtu na nimemwaibisha kwao. Nimemwapia: kuanzia leo, kwanza nauliza.

Jumapili, 20 Aprili

Mgongo sina. Wanawake wananicheka mistari yangu, eti inakwenda sokoni na kurudi. Hoteli nao wamejibu: picha nzuri sana, ila wao wanataka iliyosimama wima, yangu imelala kwa upana. Wamenipa hadi Jumatano.

Basi nimefanya kama nilivyoapa. Nimekwenda kwa Mzee Shaame, baba mkubwa wa Asya, mwenye bonde la upande wa pili. Shikamoo, kofia mkononi, nikamwomba nizibe mfereji wake asubuhi moja tu. Amekataa katakata.

Lakini kuuliza, nimeuliza. Na kesho anakwenda Micheweni, siku mbili.