Naomba Mke Wangu Akoseshwe Usingizi Tena

Kwa Muuguzi Mkuu wa zahanati yetu,

KUHUSU: MADHARA YA DARASA LAKO LA USINGIZI

Mheshimiwa Muuguzi,

Natumaini u mzima na umelala vizuri, maana nasikia kwako hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Mimi ni fundi cherehani, mwenye chumba cha kushonea mkabala na kituo cha mafuta. Mke wangu hunisaidia kupokea wateja. Alikuja kwako akilalamikia kichwa, na badala ya kumpa vidonge kama watu wanavyopewa, ukamwingiza darasani. Darasa la kulala! Mtoto mchanga analala bila kufundishwa, lakini mtu mzima anawekewa benchi na ubao. Nikajiambia yatapita.

Hayakupita. Sasa anazima taa mapema, simu anaiacha sebuleni, chai ya rangi haigusi jioni, na kichwa kikigusa mto tu, hayupo. Asubuhi anaamka anatabasamu. Madhara yake ni haya:

1. Ugomvi umekufa nyumbani. Zamani nikirudi na kisirani changu nilikuwa na pa kukitua. Naanza na chumvi, yeye anamtaja mama yangu, mimi namtaja kaka yake, tunamaliza tumechoka na kila mtu kageukia ukuta wake. Hayo ndiyo mazungumzo ya watu waliooana. Juzi nimemwambia mboga haina chumvi, akanisogezea kopo la chumvi. Basi! Nikaongeza kwamba na sakafu haijafagiliwa. Akaniuliza, kwa sauti ya kumwuliza mgonjwa, kama nimekuwa na siku ngumu. Ilibidi nitoke nje nikaugombeze mlango.

2. Ameharibu kazi. Wewe si fundi, hivyo nikueleze. Ushonaji hausimami kwa uzi, unasimama kwa neno "kesho". Mteja akija, nguo ni kesho. Akija kesho, ni kesho. Na ili asidadisi sana, mlangoni anatakiwa mtu mwenye macho mekundu na uso uliokunjamana, anayejibu kwa mkato. Huyo alikuwa mke wangu. Watu wazima walikuwa wanachungulia dirishani kwanza kuona kama yupo. Tangu aanze kulala anasema ukweli! Alimwambia mwalimu mmoja, nikisikia, kwamba wasidanganyane, kitambaa chake hata hakijakatwa, atusamehe, aje Ijumaa. Nikajificha nyuma ya pazia la kupimia nikisubiri matusi. Mwalimu akashukuru! Ijumaa ikabidi nguo iwe tayari kweli. Siku hizi natimiza ahadi, Muuguzi, na mgongo unaniuma.

3. Binti yetu mkubwa. Alikuwa anashona nami, na ana mkono mzuri kuliko wangu, ingawa mbele yake sitalisema. Alikosea mkono wa gauni la bibi harusi, nikamfokea mbele ya wateja kama fundi yeyote anayejali jina lake. Mama yake naye akadakia. Mtoto akafunga virago, akahamia kwa shangazi yake, tukanuniana wote watatu na mambo yakatulia. Halafu mwanafunzi wako akapata usingizi wa kutosha, akaamka analia, akapanda gari kwenda kuomba msamaha. Mzazi, kwa mtoto! Eti alimweleza kwamba siku ile yeye hakuwa amelala, na baba pia hakuwa amelala, na kwamba mtu aliyekosa usingizi huwafokea hasa anaowapenda. Mimi nimeingizwaje humo? Mimi hulala kiasi cha mwanamume, yaani kidogo, kichwa juu ya cherehani. Sasa wanapigiana simu kila siku na kucheka. Nikiingia, kicheko kinashuka. Nilitaka kuandika kwamba jambo hilo haliniumi. Linaniuma.

4. Kutokana na hayo, mwenye hasira nimebaki peke yangu. Mtu mmoja hawezi kuendesha nyumba nzima kwa hasira, ni kazi nyingi. Na wateja sasa, kabla ya kuingia, humwuliza mke wangu kwa kunong'ona kama mzee yupo. Mimi ndiye ninayechunguliwa dirishani!

Kwa hiyo naomba darasa lifungwe, na mke wangu aitwe afundishwe upya kukesha, kwa gharama ya zahanati. Ikishindikana, nipewe mtumishi wenu mmoja mwenye kisirani akae mlangoni mchana, na jioni agombane nami. Nimewahi kufika dirisha lenu la dawa, najua hamna upungufu.

Nisalimie wauguzi wote, mfamasia, mlinzi wa getini, na wanafunzi wako wote wanaosinzia kwa ratiba.

Wako katika kukesha,
Fundi, mkabala na kituo cha mafuta

Nyongeza: Nikiwa naifunga barua hii, mke wangu ametoka kwenye simu. Binti yuko tayari kurudi. Ameuliza jambo moja tu: siku hizi baba analala? Mke wangu, ambaye ukweli sasa hauwezi kumkaa tumboni, akamjibu bado. Binti akasema basi atasubiri. Usidhani umenishawishi, yote niliyoandika hapo juu nayasimamia. Ila uniandike darasani. Na kama lipo la haraka, kwa mtu ambaye mtoto wake anasubiri, uniandike humo.