Kesi ya Mikate Iliyoungua

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka sabini na moja. Nimewazika wenye kiwanda cha mikate wawili, nimeona tanuri tatu zikibomoka, na daktari aliyeniambia niache kazi katangulia yeye. Leo mwenye kiwanda wa sasa, niliyemfundisha kukanda unga akiwa hafiki mezani, kaniita ofisini. Eti mikate yote ya asubuhi imeungua kwa uzembe wangu. Alhamisi nikajitetee, la sivyo kazi sina. Mzembe mimi? Yeye mwenyewe ndiye aliyenitoa tanurini nikamshikie fundi umeme ngazi. Kasahau. Kichwa cha kufugia nywele.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi. Sheria anaijua, mawakili wananyolewa kwake. Kasema mfanyakazi hafukuzwi kabla hajasikilizwa. Nimerudi nikicheka peke yangu. Kumbe dawa rahisi. Nisiposema neno, watasikiliza nini? Wasiposikiliza, watanifukuzaje? Nitapika mikate mpaka nife. Nimemweleza mke wangu. Kauliza kinyozi kakata nywele au ubongo.

Jumatano, 6 Machi

Fundi umeme kaja nyumbani. Anataka kunitolea ushahidi kwamba yeye alikuwa juu ya ngazi, mimi chini. Nimemfukuza. Akisema yeye ni kama nimesema mimi. Mkandaji unga, mmbea lakini ananipenda, kaniomba: mzee wangu, sema ukweli yaishe. Nimemwambia akakande unga, sheria ina wenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao. Mwenye kiwanda kauliza nilikuwa wapi mikate ikiungua. Kimya. Kabembeleza, baba sema lolote, mimi sitaki uondoke. Kimya. Macho yakamlowa, nikajua nimembana. Karani kauliza kama nimepatwa na kiharusi. Nikatazama dari. Wakasubiri mpaka chai ikapoa. Mwisho karani kaandika: amepewa nafasi, hana la kujitetea.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefukuzwa. Alfajiri mikono iliamka kabla yangu, ikapapasa ule ubao mrefu wa kutolea mikate, ikampata mke wangu ubavuni. Hakugomba. Hapo ndipo nilipoogopa. Kazi nyingine siijui. Nimenunua mkate dukani. Mbichi katikati. Nimeula wote, nimesimama dirishani, nimewapa watu wa nyumbani mgongo.

Jumamosi, 9 Machi

Kinyozi kasema nipeleke malalamiko idara ya kazi, nako nitasikilizwa upya. Mkandaji na fundi umeme wako tayari kunisindikiza. Nimewakatalia. Kosa langu nimeshaliona: nilikwenda kikaoni. Mtu akiwepo, hata pumzi yake inasikika. Safari hii nitapeleka malalamiko, siku wakiniita siendi. Watamsikiliza nani? Watanirudisha tanurini wenyewe, kwa heshima.

Asiyeniamini amuulize mkandaji, amuulize fundi umeme. Mke wangu asimuulize. Tangu jana hasemi neno, na yeye hana kesi.